Ng'ombe Wanane, Kengele Moja

Ngenge, 6 Februari 1954

Mwanangu Nathanieli,

Wasibota, waitu, umeshindaje huko? Sisi huku tu wazima. Mvua imechelewa, lakini migomba haijakata tamaa, nami sijaitangulia. Mke wa mwinjilisti, Jovita, amejifungua salama, mtoto wa kike mwenye sauti ya kuongoza kwaya. Shemeji yangu Rugaibula, mdogo wa marehemu mume wangu, hajambo. Anapita hapa kila juma kuniuliza kama sijambo, na kila akiuliza anatazama zizi.

Sasa sikiliza. Mujuni, mchungaji wangu wa miaka sita, amekwenda Uganda kutafuta maisha. Ng'ombe wangu wanane asubuhi wanatoka wenyewe kwenda rweya, huko penye nyasi, maana njaa haihitaji mchungaji. Kazi ni jioni. Hawarudi mpaka wafuatwe, na magoti yangu hayataki tena kupanda na kushuka. Wewe uko ofisi ya mifugo. Je, wazungu hawana namna ya kumfanya ng'ombe arudi nyumbani kwa hiari yake?

Nisamehe mistari kupandana. Karatasi ilikuwa imejikunja.

Shangazi yako,
Kokushubila


Rwamishenye, Bukoba, 23 Februari 1954

Shangazi yangu mpendwa,

Nimeipokea barua yako kwa mikono miwili na kuisoma mara tatu. Mimi ni mzima. Mwenye nyumba wangu, Bi Zabibu, anakusalimu ingawa hamjaonana. Anasema mtu anayeleta ndizi nzuri namna ile kutoka kwa shangazi yake hana budi kuwa na shangazi mwema.

Namna ipo! Rafiki yangu Mwalimu Aroni ana kitabu kinachoeleza jinsi wataalamu wanavyofundisha wanyama. Mbwa alipigiwa kengele, kisha akapewa nyama. Kengele, nyama, kengele, nyama, siku nyingi. Mwishowe kengele ikilia tu, mbwa anadondokwa na mate kabla nyama haijaonekana. Kengele imekuwa habari njema kwake.

Nakuletea kengele ya mkono kwa lori la Muharami. Ng'ombe anapenda chumvi kuliko mbwa anavyopenda nyama. Basi piga kengele, wape chumvi. Kila jioni, bila kukosa.

Nimeandika kwa herufi kubwa hivi kwa sababu nimenunua kalamu mpya yenye ncha nene. Naona nitaendelea nayo.

Nathanieli


Ngenge, 30 Machi 1954

Mwanangu,

Salamu katika Bwana. Mvua imefika na imekuja na matope yake yote. Mtoto wa Jovita amebatizwa, akalia tangu zaburi ya kwanza hadi baraka.

Kengele nimeipata. Ni nzuri, inalia kama ya shule. Lakini yule mbwa wenu alikuwa na akili kuliko ng'ombe wangu, au kitabu cha rafiki yako kina uongo. Nimefanya ulivyosema mwezi mzima. Natia chumvi horini, walio karibu wanaanza kulamba, ndipo napiga kengele kwa nguvu zangu zote. Nimeanza na chumvi kwa sababu kuimwaga kunataka mikono yote miwili, na kengele inanisumbua. Kitu gani kimetokea? Hakuna. Jana nilipiga kengele kabla ya chumvi, kuwajaribu, hakuna hata mmoja aliyeinua kichwa. Jirani ndio waliokuja, wakidhani pana moto.

Rugaibula alikuwapo. Alicheka mpaka akaketi. Akasema, "Shemeji, ng'ombe ni wa kupigiwa mluzi na mwanamume mwenye miguu." Sikumjibu kwa kuwa nilikuwa nimeshika kengele, na ningemjibu kwa hiyo.

Kalamu yako mpya naipenda.

Kokushubila


Rwamishenye, 12 Aprili 1954

Shangazi mpendwa,

Pole kwa kucheka kwa shemeji. Kosa ni langu, sikueleza vizuri. Kengele lazima itangulie! Ng'ombe ambaye ulimi wake tayari uko kwenye chumvi, kengele inamwambia nini? Ni kama mtu kukugongea mlango akupe habari kwamba umekwisha kula. Kengele ni mjumbe, na mjumbe akifika baada ya mgeni hana kazi. Piga kwanza, kisha chumvi ifuate upesi, kabla hujamaliza kuhesabu kumi.

Na ili usiseme nakufundisha nisichokijua, nimeanza kujaribu kwa kuku wa Bi Zabibu. Nagonga kengele ya baiskeli, nawatupia mtama. Siku ya tisa walikuja mbio kabla sijafungua mkono. Niliruka kwa furaha. Shida ni kwamba hapa mtaani si mimi peke yangu mwenye baiskeli. Jana Hamidi, anayeuza mikate, alipita akigonga kengele yake, kuku kumi na mmoja wakatoka uani wakamzingira katikati ya barabara. Mikate ikaanguka, wao wakaila. Bi Zabibu akaja kusimama mlangoni pangu na kanga begani.

"Mwanangu, kuku wangu umewaingiza kwenye nini?"

"Ni elimu, mama."

"Elimu yako imekula mikate saba."

Nitamlipa Hamidi. Wewe piga kengele kwanza.

Nathanieli


Ngenge, 19 Mei 1954

Mwanangu Nathanieli,

Mahindi yamebeba. Jovita hajambo na yule mwimbaji wake. Mwambie Bi Zabibu nimemcheka Hamidi peke yangu jikoni hadi sufuria ya maharage ikaungua.

Nimetanguliza kengele kama ulivyoagiza. Napiga mlangoni, kisha nachukua chumvi na kwenda nayo horini. Kumi unayoisema mimi siiwezi, maana njia ni mbaya na nakwenda pole pole. Nikihesabu nafika hata mia mbili. Ng'ombe mmoja tu, Bihogo, ndiye amekuja mara mbili, akasimama, akaona hakuna kitu, akaondoka zake.

Lakini nimegundua jambo. Chumvi naibeba ndani ya debe, na debe likianza kugongana na kikombe cha kuchotea, hao wote wanakuja! Mujuni alikuwa akifanya vivyo hivyo zamani. Basi nikasema nitapiga kengele na debe pamoja, wazoee vyote viwili. Nimefanya hivyo majuma matatu. Juzi nikapiga kengele peke yake, kimya. Nikatikisa debe, wakaja. Sasa mbona hawajifunzi kengele na imelia mbele yao kila siku? Debe halisikiki mbali. Wakiwa bondeni ni bure.

Nakuuliza wewe kwa kuwa nikimwuliza Rugaibula nitajibiwa na kicheko. Hivi karibuni amekuwa akisema mbele za watu kwamba mjane hawezi ng'ombe, heri wahamie kwenye zizi lake "kwa usalama." Usalama wa nani, hakusema.

Kokushubila


Rwamishenye, 2 Juni 1954

Shangazi yangu,

Barua yako nimeipeleka kwa Mwalimu Aroni tukakaa nayo jioni nzima. Yeye amesema wewe ni mtaalamu kuliko sisi, kwa sababu jambo uliloliona lina mlango wake ndani ya kitabu.

Ng'ombe wako walikwisha kujua kwamba debe ni chumvi. Ukawaongezea kengele. Kwa nini waisikilize? Debe lilikwisha kuwaambia habari yote, kengele ikabaki kama mtu anayerudia maneno ya mwenzake kikaoni. Anayejua tayari hana haja ya kujifunza tena.

Hata kwa kuku nimeiona namna yake. Nilichukua vifaranga wapya, wasiojua lolote, nikawagongea kengele ndogo huku nikiwaonyesha sahani nyekundu, kisha mtama. Baada ya siku kumi nikawajaribu. Kengele peke yake, wakanitazama tu. Sahani peke yake, wakanirukia. Sahani iling'aa zaidi, ikala mafunzo yote, kengele ikafa njaa.

Kwa hiyo fanya hivi. Debe liweke mbali kabisa. Chumvi itie kwenye mfuko wa kitambaa, usiotoa sauti, nao ukae tayari pale pale horini chini ya kifuniko. Kengele nayo itundike horini, si mlangoni. Utapigia pale pale, utamwaga pale pale.

Na jambo la mwisho, kwa ajili ya magoti yako tu. Funga kamba kutoka mlango wa nyumba hadi horini, ifike kiunoni, uwe unaishika unapokwenda. Nasikia kamba inasaidia sana magoti.

Nathanieli


Ngenge, 25 Julai 1954

Mwanangu,

Wanakuja.

Ningeanza na salamu lakini neno hilo lilikuwa linanisukuma. Sote wazima, watu wa hapa wanakusalimu. Siku ya kumi na mbili, Bihogo. Siku ya kumi na tano, watatu. Sasa jioni napiga kengele nasikia ardhi inatetemeka kutoka bondeni, nasimama mlangoni pa zizi, kila mmoja namwekea mkono mgongoni akipita. Mmoja, wawili, mpaka wanane. Nimelia kidogo, usimwambie mtu.

Kamba nimefunga. Inasaidia magoti.

Barua hii anaandika Jovita kwa maneno yangu, maana nimejikata kidole. (Ndugu Nathanieli, mimi Jovita: kidole ni kizima. Nimeambiwa niandike hivyo.)

Sasa mambo yenyewe. Rugaibula ameita wazee wa ukoo. Watakuja tarehe 14 Agosti kuamua kama ng'ombe wabaki au waende kwake. Mzee Protase ndiye atakayeongoza, na atataka kuona ng'ombe wanamwitikia nani. Kila mtu anajua nina kengele, kwa hiyo Rugaibula ameniomba debe langu la zamani, eti lake limetoboka. Sikumpa, lakini madebe Ngenge hayakosekani. Siku ile akilitikisa wakati mimi napiga kengele, watakwenda wapi? Nijibu upesi.

Kokushubila


Rwamishenye, 11 Agosti 1954

Shangazi,

Barua yako imenifikia leo. Lori la Muharami lilikatika ekseli likakaa Muleba siku kumi na nne, na barua zetu ndani yake. Sina nafasi ya salamu.

Debe bado wanalikumbuka. Lazima ulifanye liwe maneno matupu. Litikise mara nyingi bila kutoa chumvi hata punje, tena na tena, mpaka wasahau kuligeukia. Kengele iendelee na chumvi yake. Lakini leo ni tarehe kumi na moja. Ee Mungu, hazitoshi siku. Nampa barua hii mwenye baiskeli anayekwenda Kamachumu, aipokeze kwa mwingine.

Nathanieli


Ngenge, 17 Agosti 1954

Mwanangu Nathanieli,

Salamu nyingi kutoka kwangu, kutoka kwa Jovita anayeshika kalamu, na kutoka kwa ng'ombe wanane walioko kwenye zizi langu.

Barua yako ya herufi kubwa kubwa ilifika jana, siku mbili baada ya kikao. Jovita aliponisomea shauri lako nilicheka, kwa sababu ndilo nililofanya. Ulipochelewa kunijibu niliketi nikafikiri mwenyewe. Nikasema, mtu akiwaita watu kula mara kumi na hana chakula, mara ya kumi na moja nani atakuja? Basi kila adhuhuri Jovita alikwenda nami rweya, tukatikisa debe tupu. Siku ya kwanza walitukimbilia, karibu watukanyage. Siku ya nne walikuja wawili. Siku ya kumi waliendelea kula nyasi, hata masikio hawakugeuza.

Siku ya kikao wazee walikaa chini ya paa la zizi. Rugaibula akasimama penye kichuguu na debe jipya, amelijaza chumvi. Mzee Protase akasema, "Kila mmoja aite. Tuone."

Rugaibula akatikisa. Jovita ananiambia waliinua vichwa, wakatazamana kama watu waliomsikia mlevi anaimba, wakarudia nyasi. Akatikisa tena. Akapiga na mluzi. Ng'ombe wake mwenyewe hawakuonekana, nadhani walikuwa mbali.

Kisha mimi nikashika kamba yangu, nikaenda horini, nikapiga kengele. Nikaisikia ile ardhi.

Nilipokwisha kuhesabu wanane, Rugaibula akasema kwa sauti, "Wazee, mama huyu haoni! Mwulizeni. Ng'ombe watalindwaje na kipofu?"

Mzee Protase akasogea karibu yangu. "Kokushubila, nimeinua vidole vingapi?"

Ningeweza kubahatisha, mwanangu. Nikasema, "Mzee, sijui. Tangu mwaka jana naona ukungu, na tangu Pasaka hata ukungu sioni vizuri. Lakini mmekuja kuhesabu vidole au ng'ombe?"

Mzee mmoja akaanza kucheka, mwingine akafuata. Protase akasema, "Tumekuja kuhesabu ng'ombe. Nao wamekwisha kuamua wenyewe. Wabaki." Nilidhani Rugaibula atabisha. Alikuwa anatazama ndani ya zizi, Jovita anasema, amefunga mdomo kama aliyemeza kitu cha moto. Akaaga, akaenda.

Basi lile nililokuficha ndilo hilo. Naona wewe ulilijua tangu Februari. Hakuna kalamu yenye ncha nene namna ile.

Kokushubila


Rwamishenye, 4 Septemba 1954

Shangazi yangu,

Nililijua. Niliogopa kuandika neno macho, nikadhani nikiliandika nitakuwa nimekuvua nguo mbele ya watu. Nisamehe.

Nami nina la kwangu. Nyumbani mnaniita daktari wa ng'ombe. Mimi kazi yangu ofisini ni kubandika vibandiko kwenye ngozi zinazosafirishwa. Ng'ombe ninaowajua ni wale waliokwisha kuvuliwa ngozi. Yote niliyokuambia ni ya kitabu cha kuazima na kuku wa Bi Zabibu.

Novemba anakuja daktari wa macho hapa Bukoba. Nimeuliza. Wanasema ukungu wa namna yako mara nyingi ni mtoto wa jicho, na huondolewa. Njoo.

Nathanieli


Ngenge, 28 Septemba 1954

Mwanangu,

Wewe ni daktari wangu, vibandiko au bila vibandiko.

Lakini siji. Giza hili nimekwisha kulizoea, najua kona zake. Kisu cha huyo daktari sikijui. Akikosea nitapoteza hata ule mwanga kidogo unaoniambia jua limechwea. Usiniandikie tena habari hiyo.

Senene bado. Mtoto wa Jovita ameota jino.

Kokushubila


Rwamishenye, 30 Oktoba 1954

Shangazi,

Sikuandikii habari hiyo. Nakuandikia kwamba Jumamosi nakuja na lori la Muharami, na Bi Zabibu ameniambia wazi kwamba chumba chake cha mbele kimefagiliwa na kitanda kimetandikwa, na kwamba yeye mwenyewe alitolewa mtoto wa jicho miaka mitatu iliyopita na sasa anaona hata punje ya mtama niliyowaibia kuku wake. Atakaa nawe hospitalini. Usipotaka kupanda lori, tutakunywa chai nami nitarudi.

Nathanieli


Ngenge, 20 Januari 1955

Mwanangu Nathanieli,

Barua hii nimeiandika kwa mkono wangu. Tazama mistari ilivyonyooka! Jicho la kulia ndilo zuri, la kushoto linasuasua. Miwani ni mizito kama vizibo vya chupa, na pua inalalamika, lakini nimeisoma barua yako ya Krismasi bila msaada, na sasa waweza kurudi kwenye kalamu yako ya kawaida. Mwambie Bi Zabibu namkumbuka kila nikinywa chai yenye iliki. Sijapata kucheka hospitalini kama nilivyocheka naye. Mwambie pia kwamba nilimwona vizuri siku ya kuagana, na kwamba alinidanganya umri wake.

Sasa kaa chini nikueleze.

Siku niliyorudi, jioni, nikaipokea kengele kwa Jovita nikaipiga. Nikasimama mlangoni pa zizi na miwani yangu, si kwa mkono tena bali kwa jicho, nikawatazama wanangu wakipanda kutoka bondeni. Bihogo mbele, mzee sasa, mbavu nje. Nikahesabu. Wanane kamili. Wa nane alikuwa mtamba mwekundu mwenye baka jeupe begani.

Nathanieli, mimi sina mtamba mwenye baka. Mtamba wangu ni mweusi mtupu.

Nikamwita Jovita. "Huyu ni wa nani?"

Jovita akatazama chini. "Shangazi, mimi nilidhani ulimnunua."

Nikachukua fimbo, nikaenda kwa Rugaibula kwa miguu yangu, magoti hayajambo, hayajawahi kuwa na shida. Nikafika zizini kwake. Mtamba wangu mweusi yuko pale, ametulia, na pembeni yake ndama wa majuma mawili, mweusi kama mama yake.

Rugaibula akatoka akifuta mikono. Nikamwuliza, "Shemeji, tangu lini?"

Akakohoa. "Tangu Julai."

Mtamba wake alikuwa anakula pamoja na wangu bondeni, akasikia kengele yangu, akaonja chumvi yangu, akajifunza. Wangu mweusi hakujifunza hata siku moja, akawa anafuata mluzi wa Rugaibula. Siku ya kikao Rugaibula aliona kwa macho yake ng'ombe wake akiingia zizini kwangu.

"Na hukusema!" nikamwambia. "Ungesema nimepoteza ng'ombe, ungeshinda siku ile ile."

"Ningesemaje, shemeji?" Akaketi juu ya kinu. "Niwaambie wazee kwamba wangu mwenyewe ameacha mluzi wa mtu mwenye macho akafuata kengele ya kipofu? Wangekupa wewe uchunge na wangu wote."

Nilicheka, naye akacheka, mara ya kwanza bila kutazama zizi langu. Mkewe akaleta ndizi na samaki. Tulikula tukazungumza habari za marehemu kaka yake hadi jua lilipopungua. Kisha tukabadilishana. Yeye akampeleka wake kwa kamba, mimi nikarudi na mweusi na ndama, huku Rugaibula mwenyewe akiwaswaga.

Leo alfajiri amekuja tena, amesimama mlangoni na kofia mkononi. Anauliza kama mpwa wangu wa Bukoba anaweza kumletea kengele. Nimemwambia iwe na sauti tofauti na yangu. Usisahau hilo.

Shangazi yako,
Kokushubila